Ladha ya Bati

Siku ya kwanza nilidhani ni vumbi la mashuka.
Nafua mashuka ya wazee hapa Dundee,
kwenye nyumba ya kuwatunzia iliyo juu ya kilima,
ambako upepo wa mto Tay hupanda ngazi
bila kushika ukuta.
Siku ya pili koo likawa kifuu
kilichokunwa na mbuzi hadi mwisho wa nazi.
Siku ya tatu sikuihesabu.

Sefu, mume wangu, haamini kulala.
Aliteremka Hilltown hadi duka la dawa, akarudi na mfuko:
vitamini C ya kuchemkia kwenye glasi,
vitamini D, vidonge vidogo kama macho ya dagaa,
magnesiamu, seleniamu,
na zinki ya kumung'unya.
Akazipanga chupa dirishani kama wageni wa posa,
kila mmoja na ahadi yake,
hakuna aliyekuja na mahari.

Nikamung'unya zinki.
Nikaijua papo hapo.
Nilikuwa na miaka sita, Korogwe, mvua imekatika,
nikalamba ukingo wa bati lililong'oka jikoni
kwa sababu kaka alisema ni tamu.
Ndiyo hii hii. Zinki ndiyo ngozi ya bati,
hupakwa chuma kisishikwe na kutu.
Basi nikalala nikiwaza koo langu limeezekwa,
na virusi juu yake vinanyesha, vinanyesha,
vingine vinapenya matundu ya misumari.

Eilidh wa duka la dawa, binti mwenye madoadoa puani,
alikuwa amemwambia Sefu kweli yote,
ila Sefu alibeba nusu:
Zinki, ukiiwahi, huenda ikapunguza siku moja. Huenda isipunguze.
C haizimi mafua yaliyokwisha kuwaka.
D ampe, hasa kwa rangi yenu na jua letu hili,
lakini hiyo ni akiba ya miezi,
si ndoo ya kuzimia moto leo.
Maji. Usingizi. Akishindwa kupumua, piga simu.
Sefu alisikia "huenda",
akalipa pauni thelathini na moja.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.
Methali hii nilikuwa nikiisemea kwenye michango ya harusi,
sikujua inaisema damu yangu.
Usiku wa nne kinga zangu zilikutana,
kinga kwa kinga, gizani,
zikawasha moto hadi godoro likalowa,
wala hakuna kidonge kilichoombwa kiberiti.
Kulipokucha (saa tatu kasoro, ndivyo kunavyokucha Januari)
jua likachungulia chupa zangu kama mdai,
saa kumi likaondoka
halijaketi.

Niliporudi kazini kiti cha Bi Morag kilikuwa kitupu.
Nikasimama na kikapu changu
nikihesabu kinyumenyume:
ni siku ipi nilimkoholea?
Hakuna chupa ya hilo dirishani.

Alikuwa chooni.
Akatoka akisukuma fremu yake, miaka tisini na moja,
mafua yamempitia siku tatu tu
kama mpangaji asiye na mzigo.
Akaniambia kwamba wakati wa vita, shuleni,
walinyweshwa mafuta ya ini la samaki,
kijiko kimoja kwa darasa zima,
na mwalimu akikifuta kwa aproni.
"Ndiyo yaliyotuponya? Sijui.
Fergus alikaa dawati langu. Alikunywa kama mimi.
Kifua kilimchukua kabla ya Pasaka."
Akakaa kimya kidogo, mkono juu ya fremu.
"Na wewe bado unakohoa. Simama huko huko.
Lakini nimenyie chungwa."

Nikavuta barakoa, nikanawa, nikamenya mlangoni.
Ganda likatoka utepe mmoja mrefu,
rojo ikaruka kama cheche,
na pale, nyuma ya kitambaa,
baada ya siku tisa za kutonusa hata sabuni,
likanijia:
chungwa.
Nikalishika kitambo zaidi ya ilivyohitajika,
Bi Morag akinyoosha kiganja,
akisubiri, haniharakishi.